Kipimo cha mirija kinauma, naruhusiwa kunywa dawa kabla?

SWALI: Shikamoo dokta, nina miaka 31, tumetafuta mtoto na mume wangu muda sasa nimeandikiwa HSG, ile eksirei ya mirija, wenzangu wananitisha eti inauma kuliko kuzaa, hata usingizi sipati. Naweza kumeza dawa kabla? – Mama K, Mwanza

JIBU: Marahaba binti yangu. Unaweza, na usione aibu kuomba. Maumivu yanakuja pale wanapopitisha mrija mwembamba kwenye mlango wa kizazi na kusukuma dawa ya rangi, kizazi kinabana kama tumbo la hedhi kali, kwa wengi ni dakika chache tu ila mirija ikiwa imeziba inaumaga zaidi. Meza ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla, ukiwa umekula, lakini kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo au pumu usiiguse, chukua panadol vidonge viwili vya miligramu 500. Uliza pia kama wana ganzi ya mlango wa kizazi, si kila hospitali wanayo. Na mwambie anayekupima aende taratibu, ukisema simama asimame, hiyo ni haki yako kabisa na inanikera nikisikia mama kaambiwa "vumilia tu". Laparaskopia, yaani kuingiza kamera kupitia tundu dogo tumboni kuangalia kizazi na mirija, ni tofauti, ile unapigwa nusu kaputi.

Baadaye matone ya damu na tumbo kukata kidogo ni kawaida. Homa, uchafu wenye harufu au maumivu yanayozidi, rudi hospitali siku hiyohiyo.