Jibu: Nelson alishindaje Trafalgar na meli chache?

Mkuu, umeuliza ilikuwaje Nelson, amirali wa Uingereza, kwenye vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805 na meli zake 27 akawapiga Wafaransa na Wahispania wenye 33, tena kwa kuwaendea uso kwa uso wakati mizinga ipo ubavuni. Aisee icheze vita hiyo mezani kama mchezo utaelewa. Sisi hapa Mwanjelwa tunakata vimeli vya boksi, tunaweka mshale wa upepo, kila zamu meli inasogea kufuatana na upepo. Siku ile ulikuwa hafifu sana, kwahiyo Victory, meli ya Nelson, inatambaa sentimita chache chache inapigwa tu na haiwezi kujibu, yani hapo unaona kabisa jamaa alikubali kuumia kwanza. Akishapenya nyuma ya Bucentaure, meli ya kamanda wa adui, mambo yanageuka, ubavu mzima unafyatua na risasi zinapita ndani ya meli kutoka tezi (nyuma) mpaka omo (mbele). Na zile meli za mbele za adui upepo huohuo unazichelewesha kugeuka kuja kusaidia, kwangu hii ndo siri kubwa na watu wengi wanaipita harakaharaka. Anza na meli nne nne kwanza, ukiweka zote utachanganyikiwa. Kama upo Mbeya njoo jumapili tucheze.