Machame siku ya tatu: msiikwepe Lava Tower

Mkuu umeuliza kama siku ya tatu ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame mnaweza kupita njia ya chini moja kwa moja mpaka kambi ya Barranco bila kupanda Lava Tower, lile jiwe kubwa la volkano, maana mnaona ni kupanda bure halafu mnashuka tena. Mi nimepita hapo mwezi wa pili, na jibu langu ni kwamba kama hakuna anayeumwa msiikwepe.

Iko hivi, mnaamka kambi ya Shira kwenye kama mita 3,800, mnapanda mpaka 4,600 pale Lava Tower, mnakula, halafu mnashuka kulala Barranco kwenye 3,900 hivi. Ukiangalia ramani unaona siku nzima mmeongeza mita mia tu, lakini pale juu oksijeni unayovuta ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Dar, na hapo ndo mwili unaanza kuzoea.

Sisi tulitoka saa mbili asubuhi Kibo, kilele kikuu cha mlima, iko wazi kabisa mbele yetu, nikajiona niko fiti nikawa nakaza mwendo, gaidi, yaani mwongozaji wetu, ananiambia kaka pole pole, napunguza dakika tano nasahau naongeza tena. Saa tano majani yameisha ni mawe na vumbi tu, ukungu ukashuka, kichwa kikaanza kugonga kwa nyuma, na kufika Lava Tower supu yenyewe ikanishinda. Gaidi akaniuliza umetapika? ukitembea unayumba? Nikamwambia hapana, kichwa tu, akanisimamia ninywe maji taratibu tukaanza kushuka. Aisee kila tukishuka kichwa kinaachia, unaingia bondeni kwenye vijito na ile mimea mikubwa ya senesio na lobelia, sijawahi kuona sehemu nzuri vile, na saa kumi tuko Barranco nakula wali sahani ya pili.

Sasa sikiliza hii, kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, iko kwenye 4,600 na ushee, yaani karibu urefu ule ule ulionipiga, na nilivyofika kule kichwa hakikuuma hata kidogo.

Mtawaona wagumu, yaani wapagazi, wanapita ile njia ya chini na kilo 20 za mizigo ya wageni, msijilinganishe nao, wale wamezoea mlima na wanatakiwa wawahi kusimamisha mahema kabla hamjafika. Njia hiyo ni ya kwenu pia ila kwa mtu ambaye ameamka Shira hajisikii vizuri, huyo asipandishwe Lava Tower, lakini anayetapika au anayeyumba asiendelee, ashushwe mlimani hapo hapo.

Halafu koti la mvua na sweta viweke kwenye begi lako la mgongoni pamoja na maji lita tatu, maana mvua ya mchana inawakuta huko juu na begi kubwa liko mbele na wagumu.