Ukitaka mchoro wako uwe na umbo, anza na mpaka wa mwanga na kivuli

Wengi wanaoanza kuchora hukimbilia kukoleza. Mtu anachora duara zuri, halafu anapitisha penseli ukingoni kulizunguka lote, akitegemea litatuna liwe mpira. Halituni. Kwa miaka yote niliyochora vitu vidogo mezani nimeamini jambo moja kuliko mengine: umbo hujitokeza pale mwanga unapokutana na kivuli, na hapo ndipo jicho lako linapotakiwa kukaa muda mrefu zaidi.

Chukua yai jeupe, liweke juu ya karatasi nyeupe, kisha uliwashie taa moja tu. Taa ikae ubavuni, juu kidogo ya yai. Ukiiweka mbele, umbo linalala. Ukiwasha mbili, utapata vivuli viwili vinavyogombana, na mwanafunzi hahitaji ugomvi huo.

Sasa finya macho mpaka uone kama kwa ukungu. Mambo madogo madogo yatapotea, yabaki makundi mawili, la mwanga na la kivuli. Chora mstari mwepesi yanapoachana. Kivuli kilichoanguka mezani kihesabu pamoja na upande wa giza wa yai, kisha jaza kundi hilo lote kwa rangi moja ya wastani. Penseli ya 2B, yaani yenye risasi laini kiasi, inatosha. Usiguse kitu kingine bado. Rudi nyuma hatua chache utazame: yai limeshaanza kusimama, na hujakoleza popote.

Baada ya hapo, kaa na mpaka wenyewe. Kwenye yai mwanga hufifia polepole hadi kuingia kivulini, huwezi kuonyesha kwa kidole unapoishia. Kwenye boksi hukatika ghafla pembeni. Tofauti hiyo peke yake ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba hiki ni cha mviringo na kile kina kona. Ukivuka tu mpaka, utaona ukanda uliokolea kuliko sehemu nyingine za kivuli cha yai. Taa haiufikii, na mwanga unaodunda kutoka kwenye karatasi unaufikia kidogo sana. Chini ya ukanda huo, karibu na meza, kuna weupe hafifu: ni karatasi inayorudisha mwanga. Hapo ndipo michoro mingi mizuri inapoharibikia. Weupe ule umezungukwa na giza, kwa hiyo jicho huukuza. Toboa tundu dogo kwenye kipande cha karatasi, uutazame kupitia hapo, kisha utazame upande wa mwanga. Utaona weupe ule ni wa kijivu kabisa. Sehemu yoyote ya kivuli lazima iwe na giza kuliko sehemu yoyote ya mwanga. Mimi silegezi kamba kwenye hilo.

Kivuli cha mezani nacho hakifanani kote. Yai linapogusa karatasi kimekolea na ukingo wake ni mkali. Kadiri kinavyokwenda mbali ukingo unalainika, kwa kuwa taa ina upana na mwanga wake hauzibwi wote kwa pamoja.

Mwaka 1609 Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, alielekeza darubini yake mwezini. Kwenye mpaka wa mwanga na giza aliona mstari uliochongoka-chongoka, na vidoa vya mwanga vilivyojitenga ndani ya giza. Akatambua kwamba ni vilele vya milima vilivyoshikwa na jua kabla ya mabonde. Mwezi ukiwa mpevu jua huupiga kwa mbele, na milima ileile huwa vigumu kuitambua. Ni kanuni ileile ya taa yako.

Ukishalizoea yai, isogeze taa nyuma yake kidogo. Upande wa mwanga utabaki kipande chembamba, kivuli kitakuja upande wako. Ni mkao mgumu, lakini ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu mpaka unalifuata yai lote na kila mkunjo wake unaonekana. Chora hivyo kabla hujaanza mkono au uso.