Boila linatoa maji ya moto, mara baridi

Dada, kama shawa inakuunguza kisha inapoa ghafla, usinunue boila jipya bado. Fungua maji ya moto peke yake, ujaze ndoo. Moto ukitulia bila kubadilika, boila ni zima. Tatizo ni presha. Nyumba nyingi za milimani hapa Mwanza, boila linalishwa na simtanki, huku baridi ya bafuni ikitoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Presha ya mtaa ikishuka, unaungua. Ikipanda, baridi inausukuma moto urudi nyuma. Fundi aziunganishe zote mbili kwenye simtanki, hiyo ndiyo dawa.

Moto peke yake ukiyumba, zima swichi kuu, hakikisha kwa testa, ndipo ufungue kifuniko. Tazama vituo vya nyaya vilivyobabuka, na fimbo ya themostati (kidhibiti joto) izame mpaka mwisho wa mrija wake. Ikichomoza inasoma vibaya. Elementi (chuma kinachopasha maji) ya wati 1500, ukiipima kwa mita ya umeme, isome ukinzani wa karibu omu 35. Themostati iseti nyuzi 60. Maji ya ziwa ni laini, yaani yana madini kidogo, hivyo ukoko mweupe kwenye elementi utaukuta zaidi kwa wanaotumia kisima. Valvu ya usalama ikidondosha matone maji yakichemka, tafadhali usiizibe.