Nishike .375 ili swala aanguke papo hapo?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Niko Wete. Mjomba wangu wa Morogoro amenialika tukawinde swala pala, vibali tayari. Ana bunduki mbili, .308 na .375 (hizo namba ni upana wa risasi kwa inchi). Rafiki yangu anasema nishike .375, swala akipigwa na hiyo haendi popote. Pia kuna fundi anasema risasi za kijeshi ukizipiga tupa kwenye ncha zinakuwa za kuwindia. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Shika .308, risasi ya ncha laini ya greni 150, karibu gramu 10. Dume la swala pala halifiki kilo 80. Inamtosha na kubaki.

Kinachoniuma ni hilo neno "haendi popote". Kila msimu nalisikia. Risasi haimsukumi mnyama akaanguka. Ingekuwa na nguvu hiyo, na wewe uliyeegemea kitako ungelala chali. Mnyama hufa damu ikiacha kufika kwenye ubongo, au uti wa mgongo ukikatika. Swala aliyepigwa sawasawa mapafuni anaweza kukimbia mita 50, hata 80, ndipo miguu imwishe. Huyo umempata. Aliyepigwa tumbo, hata kwa .375, atakwenda mpaka giza liingie, na kesho utamkuta kavimba, fisi wamekutangulia, hafai kisu wala chungu.

Kwa hiyo subiri akupe ubavu. Fuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi ya kifua kutoka chini, piga hapo. Kisha tazama chini aliposimama: damu nyekundu yenye povu ni mapafu, nyeusi nzito ni ini. Ukiona majani yaliyotafunwa ni tumbo. Usimkurupushe, mwache alale kwanza.

Sasa hiyo .375. Teke lake ni zaidi ya mara mbili ya .308, na mwili hauna siri. Wanafunzi wangu huwajazia bunduki mimi mwenyewe, nikachanganya risasi moja ya bandia bila wao kujua. Kidole kinavuta, inalia "ka" tu, na mdomo wa bunduki unainama shubiri nzima kuelekea chini, macho yamefumbwa. Hapo ndipo risasi ya kweli ingekwenda. Wengi wanaoinamisha hivyo ni walioanzishwa na bunduki kubwa.

Huyo fundi mkimbieni. Risasi ya kijeshi imefunikwa shaba mbele, nyuma iko wazi. Ukiipiga tupa kwenye ncha, umeitoboa pande zote mbili: kiini laini cha ndani kinaweza kutoka peke yake, ganda la shaba likabaki limekwama kwenye mtutu. Ya pili ikifuata, mtutu unaweza kupasuka, na uso wako uko pale pale.

Na ni watu wa aina hiyo hiyo wanaowaambia wasasi wetu wa Unguja kwamba marisau makubwa, zile golori zinazotoka nyingi kwa mlio mmoja, yanamfikia nguruwe mwitu mita 80. Hayafiki. Yakipita mita 35 hivi yameshatawanyika. Moja linaingia mguuni, moja taya, na mnyama anakwenda kuoza kichakani. Kila anayekuuzia nguvu badala ya shabaha anakuuzia mnyama aliyejeruhiwa.

Mwambie mjomba akuwekee ubao mita 100 na risasi 20, kabla hamjaingia porini. Zisipoingia zote ndani ya kisahani cha kikombe, porini usipige mita 100. Sogea karibu.