Kwa nini "She asked me where did I live" inakosolewa

Umeuliza kwa nini umekatwa alama kwa "She asked me where did I live", ilhali swali lenyewe lilikuwa "Where do you live?". Kosa liko kwenye hiyo "did". Swali likishaingia kwenye usemi wa taarifa (kueleza alichosema mtu bila kunukuu maneno yake) huwa si swali tena: kiima kinatangulia kitenzi, "do", "does" na "did" zinaondoka, alama ya kuuliza inageuka nukta. Halafu wakati uliopo unarudi nyuma hatua moja, na "you" inamfuata aliyeulizwa. Unapata "She asked me where I lived."

Swali la ndiyo au hapana tia "if" au "whether": "Are you ready?" inakuwa "He asked if I was ready." Na usiandike "He said me", ni "told me" au "said to me".

Kuhusu kauli ya kutendwa ("passive"), kinachodondoka sana ni "being". "They are building a road" ni "A road is being built". Ukiiacha, "A road is built" ina maana nyingine. Pia kitenzi kisicho na yambwa (kinachotendwa), kama "arrive", "happen" au "die", hakiwekwi kwenye kauli ya kutendwa hata kidogo. Hapa Kiswahili ndicho kinachotuponza: "amefiwa na baba yake" si "He was died by his father". Andika tu "His father has died" au "He has lost his father".