Anti, mimi ni mzembe ama niko na hii ADHD ya kijana wangu?

Anti, niko na miaka 36, nakaa Nyamasaria hapa Kisumu, nimeolewa, watoto wawili. Hii naandika nikiwa nimejifungia choo juu ni hapo tu naeza kaa pekee yangu. Mwezi uliopita mwalimu alituambia tupeleke kijana wetu wa miaka 9 akaangaliwe, tukaambiwa ni ADHD, ile hali ya ubongo ya kushindwa kutulia na kushika umakini. Sasa kijana si shida, shida ni yale maswali. Daktari anauliza, anapoteza vitu? Anaanza kitu anaacha katikati? Ukimwongelesha ni kama hayuko? Na mimi pale kwa kiti najijibia kimoyomoyo, ndio, ndio, ndio, hadi machozi yakataka kutoka. Sufuria zangu zote ni nyeusi. Pesa ya chama, 12,400, niliweka mahali salama nikakaa siku nne siioni, kumbe iko ndani ya kiatu cha sherehe, na wamama washaanza kunong'ona ati nimekula. Kazini nashughulikia risiti za duka la jumla na niko na barua moja ya onyo. Mzee wangu anasema mtu mzima hasahau kitu anachojali. Anti, huu ni uzembe ama ni hii kitu? Na si nimezeeka kuwa nayo?
Mama Sufuria Nyeusi

Mama Sufuria, toka kwa choo kwanza, kuna watu wanangoja.

Sasa kaa chini. Mzembe hakosi usingizi siku nne juu ya pesa ya wenyewe. Mzembe analala vizuri sana, mimi nimeishi na mmoja, najua. Wewe unajali hadi unaumwa, na bado kitu hakifanyiki, na hapo katikati ya kujali na kufanya ndipo pa kuangaliwa. Mimi si daktari na siwezi kukupima kwa barua, lakini wacha nikuambie kwa nini barua yako nimeisoma mara tatu.

Niliwahi kukaa na binti ya kakangu Nakuru, Section 58, alikuwa na miaka 24 akitafuta kazi. Wiki moja alinichomea githeri mara mbili. Mara ya pili niliingia nyumba ni moshi tupu, nikamkuta chumbani ameketi sakafuni na picha zangu zote za zamani, amezipanga kwa miaka, nyuma ya kila moja ameandika nani ni nani, kazi safi ambayo mimi nimeshindwa miaka ishirini, na hasikii harufu! Nilimwambia maneno sitaki kuyarudia. Halafu mama mkwe wangu akafariki, na huyo huyo msichana ndiye aliendesha matanga yote, michango hadi shilingi ya mwisho, hema, lori, wapishi, nani analala wapi, siku tano bila kukosea. Nikamwambia, si unaona, kumbe ukitaka unaweza. Nilidhani namsifu. Ilikuwa miaka saba baadaye ndio alipatikana na ADHD, tena baada ya daktari wa kwanza kumfukuza ati umesoma chuo huwezi kuwa nayo, na siku hiyo jioni akanitumia ujumbe wa maneno matatu: "Anti, sikuwa nakataa."

Kwa hivyo hiyo ya mzee wako, ya mtu hasahau anachojali, niliisema kabla yake na nilikosea.

Hii ADHD jina lake linadanganya watu, wanafikiri ni mtu asiye na umakini. Umakini uko, tena saa zingine umezidi, tatizo ni usukani. Ubongo wa mtu wa aina hii unashikwa na kitu kipya, kitu cha haraka, kitu cha moto, na kile cha kila siku kisicho na ladha, risiti, vyombo, fomu, unakikwepa hata kama mwenyewe anataka. Wataalamu wanahusisha mambo haya na kemikali za ubongo kama dopamini. Na inatembea kwa damu sana, ni kati ya vitu vya akili vinavyorithiwa zaidi, ndio maana wamama wengi wanajigundua vile vile ulivyojigundua wewe, wameketi kando ya mtoto wao.

Kuhusu kuzeeka, hakuna anayeipata akiwa na 36, unakuwa umetoka nayo utotoni. Kile kitabu madaktari wa akili wa Marekani wanatumia, DSM, zamani kilitaka dalili zionekane kabla ya miaka 7, toleo la 2013 likasogeza hadi 12, na likasema mtu mzima akiwa na dalili 5 kati ya 9 za upande mmoja, wa kukosa umakini ama wa kutotulia, zinatosha, mtoto ndiye anadaiwa 6. Pia lazima zikusumbue mahali pawili au zaidi, si nyumbani pekee, na wewe hapo umeleta jikoni, chama na kazini kwa barua moja.

Na kwa nini hakuna aliyeona ukiwa mdogo? Wewe ulikuwa darasa la tatu mwisho wa miaka ya 90, nani angeona? Kijana anapanda dawati, anaitwa kwa naibu wa mwalimu mkuu, mzazi anaitwa, jambo linajulikana. Msichana ameketi vizuri dirishani anahesabu kunguru, hasumbui mtu, ripoti inaandikwa ana uwezo lakini hajitahidi, inafungwa. Akikua anajifunza kuficha, anafika kazini saa moja mapema juu anaogopa kuchelewa, anakagua kitu mara sita, anacheka akisahau jina lako, na jioni amechoka kama amelima. Ile kurukaruka ya mtoto kwa mwanamke mzima mara nyingi inaingia ndani, unakaa kimya lakini kichwani ni stendi ya Kisumu Jumamosi, kila manamba anaita gari yake.

Sasa usikimbie na jina bado. Kuna vitu vinafanana na hii kabisa, shida ya tezi ya thairoidi, upungufu wa damu, kukosa usingizi, msongo, huzuni ya muda mrefu, hata homoni zikianza kubadilika ukikaribia kukoma hedhi. Kwa hivyo ukienda uliza pia vipimo vya damu. Na uanze kuandika kwa kalenda, wanawake wengi wenye ADHD wanasema ile wiki kabla ya damu ndio mbaya zaidi, estrojeni ikishuka, daktari anafaa ajue hiyo.

Pa kwenda, anza Russia, ile hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, uulizie kliniki ya afya ya akili, na ikishindikana iko Moi Teaching and Referral pale Eldoret. Najua neno akili linakutisha, unafikiria jirani akikuona kwa hiyo foleni. Mwambie umepeleka mtoto. Si uongo hata. Kuna fomu ya maswali 18 iliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima, sita ya kwanza ndio ya kuchuja, unaweza kuijaza uende nayo, lakini fomu haimpimi mtu, mtu anapimwa na mtu. Na ukipata daktari wa kukuambia wewe ni mama na una kazi huwezi kuwa nayo, shukuru, toka, tafuta mwingine.

Dawa zipo. Inayojulikana ni methilifenideti, wengi wanaiita Ritalin, inadhibitiwa na inatolewa kwa karatasi ya daktari, lazima upimwe presha na uulizwe kuhusu moyo, na iko nyingine isiyo ya aina hiyo inaitwa atomoksetini. Ukiwa na mimba au unanyonyesha sema mapema. Na tafadhali usimeze ya kijana wako ujaribu, najua umeshafikiria. Si wote wanatumia dawa, na hata wanaotumia bado wanahitaji zile mbinu nyingine.

Mbinu sasa, na hapa nataka uniskie. Wacha kujiahidi utakumbuka. Hutakumbuka. Toa kitu kichwani ukiweke mahali macho au mkono utakigonga. Ile sufuria, binti ya kakangu alipata dawa yake mwenyewe: akitoka jikoni na kitu kiko motoni anatoka na mwiko mkononi. Akifika kitandani na mwiko anajiuliza huu mwiko ni wa nini, anarudi. Nimemwona akifungulia mgeni mlango na mwiko umejaa sukuma wiki. Githeri haijaungua tena, vizuri sana, ingawa mazulia yangu yalipata shida.

Alamu ya simu usiiandike "shule", iandike kitendo, "vaa viatu toka sasa", na uweke mbili, juu ya kwanza utaizima ukisema dakika moja tu na sisi wote tunajua hiyo dakika. Funguo ni msumari mlangoni, mwisho. Tokeni za stima nunua siku mshahara umeingia. Kazi kubwa ikatekate hadi iwe ya kuchekesha, si "osha vyombo", ni "jaza karai maji", ukishajaza utajikuta unaosha. Na usifanye kazi ya kuchosha pekee yako, mtu akikaa tu karibu hata kama hasaidii inasukumika, pigia dada yako weka sauti ya juu mkunje nguo kila mtu kwake. Risiti za kazini uliza bosi kama unaweza kuzifanya saa ile duka halina watu, huhitaji kumwambia ugonjwa wowote, mwambie unataka kupunguza makosa, ni kweli.

Chama, mwanangu, toka kwa hazina. Jumapili hii. Nenda na hesabu imeandikwa, 12,400 yote mezani, useme niliipoteza nikaipata, samahani, na mimi si mtu wa kuweka pesa, nipeni kazi ya kupanga sherehe. Watakaonong'ona watanong'ona. Na pesa za watu wengi hazifai kukaa kwa kiatu cha mtu yeyote, awe na ADHD awe hana, fungueni akaunti ya sahihi mbili.

Mzee usibishane naye. Alikuwa kwa hicho chumba mkiulizwa kuhusu kijana? Kama hakuwa, arudi nawe siku ya kufuatilia asikie yale maswali kwa masikio yake. Mwanamume anayemwambia mkewe ni kutojali huku mtoto ana karatasi ya daktari atapata shida kidogo hapo, mwache apate. Kuombewa pia ni sawa, mimi naombewa kila wiki, na bado nameza dawa yangu ya presha.

Kitu kimoja cha mwisho, daktari atakuuliza ulikuwa vipi kabla ya miaka 12, na wewe utasema sikumbuki, na kwa kweli hukumbuki. Mama yako kama yuko hai atakumbuka sweta ngapi ulipoteza. Na wamama wetu hawatupi karatasi, ripoti zako za darasa la pili la tatu ziko mahali kwa sanduku na cheti cha ubatizo. Mpigie saa hii, kabla hujafungua kitu kingine kwa hiyo simu.

Anti